Viti vya Kuazima Siku ya Wageni wa Mkopo

Iko siku moja ambayo imekataa kunitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia hata kama unatazama saa. Ni siku ambayo watu wawili walitoka Nairobi wakaja nyumbani kwetu Magunga kuangalia kama sisi ni maskini. Usicheke. Hiyo ndiyo kazi waliyotumwa. Na kwa kuwa Alhamisi wengine kama hao wanakuja kwenu kwa ajili yako, weka simu chini unisikilize.

Wewe unanijua kama shangazi yako mwenye duka la dawa mjini Migori, yule mkali asiyekopesha mtu. Hujui kwamba nilikuwa mtafiti kama wewe. Wewe unafuata malaria, mimi nilifuata kichocho. Nilikuwa Sindo, ufuoni, na vikopo vyangu na hadubini moja ambayo sikumruhusu mtu kuibeba. Tuliwapa watoto vidonge wakapona, na baada ya muda wakaugua tena. Nilitaka kujua kwa nini wengine wanarudiwa haraka na wengine hapana, ilhali wote wanaoga ziwa moja. Kwa hiyo niliwapima watoto walewale, mwaka baada ya mwaka. Kwa vile kila nilipofika nilikuwa naomba kinyesi, walinibandika jina la Madam Choo. Wakiniona kwa mbali wanapiga kelele, Madam Choo amekuja! Nililipenda jina hilo kuliko cheti changu cha chuo kikuu.

Shida yangu ilikuwa mkopo. Nilisoma kwa mkopo wa serikali kwa sababu baba, yaani babu yako, alifariki nikiwa shule ya msingi, na mama alikuwa anauza omena. Kazi ya utafiti, unaijua mwenyewe, ni ya mkataba. Leo mfadhili yupo, kesho amefunga mkoba wake na kwenda zake, nawe unakaa nyumbani unangoja mwingine. Bodi ya mikopo haingoji. Riba inapanda, faini inapanda juu ya riba, na kila mwaka nilikuwa nadaiwa zaidi ya mwaka uliotangulia ingawa nalipa. Wenzangu niliosoma nao walikwenda kuuza dawa za makampuni, wakamaliza madeni, wakaanza kunionea huruma.

Ndipo tukasikia kuna mfuko unaowalipia watafiti wa magonjwa madeni ya masomo, wale waliotoka familia zisizojiweza, mradi tu mtu akubali kubaki kwenye utafiti. Kubaki! Wenzangu walikuwa wanatafuta njia ya kuondoka, mimi nilikuwa naomba ruhusa ya kubaki. Niliomba, nikaitwa, nikahojiwa, nikapita. Kilichosalia kilikuwa kitu kimoja tu, wao kuja kuona nyumbani. Wakiridhika, Sindo ni yangu mpaka nipate jibu langu. Wasiporidhika, nitafute kazi nyingine.

Nilikwenda kumwambia mama. Hakuuliza wanataka nini. Aliuliza, "Wageni wa Nairobi? Na watakalia nini?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na ndani mlikuwa na viti viwili vya mbao, kimoja mguu wake umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Lakini mama alikuwa mwanamke wa Kijaluo aliyelelewa akalelewa. Kumwambia mgeni kwamba huna, kwake, ilikuwa sawa na kumvulia nguo. Akaanza kuzunguka kijijini. Kwa mwalimu mkuu aliazima seti nzima ya sofa, na vile vitambaa vyake vya kufuma. Kwa mama mchungaji aliazima vyombo na chupa kubwa ya chai. Kisha ikawa bahati yetu, au mkosi wetu, kwamba mjomba wangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka Ogwedhi kununua mafahali wa kuwauzia wachinjaji wa Sindo. Mama akamsihi awafunge kwetu mpaka wageni waondoke. Mjomba hakujali, nyasi ni za bure.

Nami nilisaidia kubeba sofa. Hilo ulijue. Nilishika upande mmoja, baba yako akiwa mdogo akashika mto, tukaingiza mlangoni kwa shida huku tunacheka.

Alikuwepo pia Dani, mama mzaa baba, ambaye wewe hukumkuta. Macho yake yalikuwa yamekwisha, na alikuwa analala jikoni kwa sababu kibanda chake kilianguka wakati wa mvua na hatukuwa na cha kukiinulia. Mdomo wake ulikuwa mzima kabisa. Mama aliogopa mdomo huo. Asubuhi ile akamvalisha, akampeleka kushinda kwa jirani, akamwambia tunafukiza nyumba viroboto.

Wageni wakaja, mwanamume mmoja mnene mwenye kamera na msichana wa rika langu aliyesuka vizuri. Walikaribishwa kama wakwe. Kuku wawili, samaki, ugali wa kutosha mtaa mzima. Yule bwana alikula akanyonya mifupa, akaegemea sofa ya mwalimu mkuu, akaipapasa mkono wake.

"Mama, hapa mnaishi poa," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Hebu muulize mama, shida yenu kubwa hapa ni gani?"

Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Akajibu kwa Kijaluo, uso umechanua, nami nikawaambia neno kwa neno: "Anasema tuko sawa. Mungu ametuweka. Hatukosi chakula, hatukosi mahali ya kulala."

"Na hii ng'ombe yote ni yake?"

Nikamuuliza mama. Akacheka, akasema ng'ombe aliyelala kwake ni wa nani tena. Nikawageukia wageni nikasema, "Ndiyo."

Neno moja hilo. Ningeweza kusema lolote, mwanangu. Mama asingejua. Ningesema, hizi ni za mjomba, hii sofa ni ya jirani, nyanya yangu analala jikoni, huyu mama anawaheshimu tu. Sikusema, na sababu yake nitakupa bila kuipaka mafuta. Yule msichana aliyesuka alikuwa anatazama paa letu. Nilitaka aone kwamba na mimi nina kwetu. Niliona aibu mbele ya mtu ambaye sijawahi kumwona tena maishani, na aibu hiyo ikachukua kazi niliyoipenda.

Walipiga picha. Sofa, mafahali, mama kwenye kitambaa chake kipya. Waliondoka na jogoo aliye hai ndani ya gari, zawadi.

Jioni watu walikuja kuchukua mali yao. Mjomba akaondoka na mafahali wake, mwalimu mkuu akatuma vijana wachukue sofa, na nyumba ikabaki jinsi ilivyokuwa. Dani akarudishwa. Alisikia harufu ya kuku, akauliza nani alikuja, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, alipapasa ukuta mpaka akafika nilipokuwa.

"Nyathina," akaniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo, "hao watu walikuja kuona nini?"

"Walikuja kuona kama tunahitaji usaidizi, Dani."

Kisha akasema, "Mkawaonyesha ng'ombe ya watu, na mimi mkanificha. Si mimi ndiye mngewaonyesha?"

Mama alimfokea, akamwambia wazee wana maneno mengi. Mimi nilitoka nje. Nilikuwa nimeshajua kwamba amesema kweli, na nilimchukia kwa hilo usiku kucha.

Majibu yaliletwa na bosi wangu, daktari mmoja mama wa Kisumu, mtu asiyezunguka kwenye maneno. "Wamesema familia inajiweza," akaniambia. "Wameona hadi ng'ombe. Hebu niambie, hiyo ng'ombe mlitoa wapi?" Nikamweleza. Alishika kichwa. Akasema tuwaandikie kwamba vitu vilikuwa vya kuazima, yeye mwenyewe atatia sahihi, chifu naye atie, bado kuna nafasi. Nikapata moyo. Nikaenda Magunga kumwomba mama ruhusa, kwa maana jina lake ndilo lingetajwa.

Nilimkuta anachambua omena. Hakuinua macho.

"Andika," akasema. "Lakini andika pia kwamba mama yako ni tapeli. Kwamba aliketi na watu, akawalisha, akawadanganya wakiwa wanatafuna. Halafu chifu asome, asomee na bibi yake, na mimi niende sokoni na sura gani?"

"Mama, hiyo ni kazi yangu. Itaisha."

"Kazi iko mingi. Jina niko nayo moja."

Sikuandika. Nilikaa tu, bosi wangu akiniuliza, wiki ikapita, nyingine ikapita, mpaka nafasi ikafungwa. Mkataba wangu ulipokwisha sikuomba mwingine. Nilikwenda kuuza dawa za kampuni moja, kisha nikafungua duka langu. Deni nililimaliza, naam, nikiwa na mvi. Wale watoto wa Sindo hakuna aliyeendelea kuwapima. Aliyekuja baadaye alianza na watoto wengine, na miaka yote niliyowafuata ikawa si kitu, kwa sababu kazi kama ile ukiiacha katikati haisemi lolote.

Nikuambie na hili, lichukue upendavyo. Miaka kadhaa baadaye aliingia dukani kwangu mama mmoja na mtoto mwenye tumbo lililojaa na mikono myembamba. Nilijua ugonjwa kabla hajafungua kinywa. Alitaka vidonge. Akasema alishampa mara nyingi, anapona, halafu unarudi, akaniuliza ni kwa nini. Ananiuliza mimi! Nilimuuzia vidonge, nikampa chenji, nikamwambia asimwache mtoto aoge ziwani. Mwanamke anayeishi ufuoni. Baada ya kutoka nilifunga duka mapema, wateja wakanung'unika.

Unataka kujua nani alipata ile nafasi? Kijana mmoja wa huku huku Migori. Baba yake ana nyumba za kupangisha mjini. Wageni walipokuja aliwapeleka kwenye kibanda cha mchungaji wa ng'ombe wao, akakaa kwenye ndoo, akatoa machozi. Leo ni mkubwa, anaalikwa mikutano ya ng'ambo. Tukikutana matangani ananiita dada na kuniuliza biashara inaendaje. Namjibu inaendelea vizuri. Unaona? Mpaka leo sijajifunza kusema vingine.

Watu huniuliza kama nilimsamehe mama. Mama nilimzika vizuri, na sofa zangu mwenyewe nilizileta kwenye matanga. Kusamehe ni jambo lingine, na siku nyingine naamka nimesamehe na siku nyingine sijasamehe. Wale wa mfuko nao sijawasamehe. Mtu anakaa Nairobi anaamua kwamba atapima umaskini kwa kutazama kiti, anakula kuku wa mjane na haulizi huyu kuku alikuwa wa mwisho au la. Wangeniuliza tu ninachofanya Sindo wangekaa hadi giza.

Sasa lililonifanya nikuite. Mama yako alinipigia simu jana. Alizunguka sana, akauliza habari ya miguu yangu, habari ya mvua, mpaka akafika. Anataka nimpe sofa zangu kwa siku mbili, na televisheni, na msichana wangu wa kazi aje kupika. Anasema hataki uaibike mbele ya wakubwa. Nilimwambia hapana. Amekasirika, ameniita mchoyo, na pengine wewe pia unaniita hivyo moyoni. Niite.

Nyumba yenu inavuja juu ya meza. Baba yako hajafanya kazi tangu figo zilipoharibika. Wadogo zako wawili wamefukuzwa shule muhula huu kwa sababu ya karo. Hayo si matusi, ni habari zenu, na wageni wanakuja kutafuta habari. Wape hizo. Usiongeze hata moja, usikae kwenye ndoo ya mtu. Chai wape, ya vikombe vyenu. Waketi kwenye viti vyenu, na chenye kuyumba uwaambie kinayumba. Waingize alipolala baba yako wamwone, hata kama mama yako atakuvuta kanga. Na mama yako akijibu kwamba hamkosi kitu, maana atajibu, namjua, wewe usikimbilie kumfasiria. Mwambie palepale, kwa upole na mbele yao, "Mama, tunakosa." Atalia. Acha alie. Mimi nitakuwepo kumnyamazisha, nitafika asubuhi na mapema, mikono mitupu.

Kisha waeleze kazi yako hapo hapo. Waambie watoto unaowapima ni wa wapi na umebakiza nini kujua. Wakikataa baada ya kuona ukweli, basi wamekataa wao, na utalala usingizi. Mimi walinikataa baada ya kuona uongo wangu, na usingizi huo sijaupata.

Haya, simama nikushike kichwa. Mungu akupe kinywa cha kusema sina mbele ya watu, na baada ya hapo akuondolee sababu ya kulisema. Akuache kwenye kazi yako mpaka uimalize. Nenda, mwanangu, kamwambie mama yako arudishe zile sahani alizokwisha kuazima.