Jino la Mzima Kabisa

Fundi makochi huyu wanamwita Mzima Kabisa, na jina hilo hakupewa na wazazi wake. Amejipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Mkute amejigonga kidole kwa nyundo mpaka ukucha umegeuka mweusi, muulize hali. "Mzima kabisa!" Mkute anakohoa mpaka vumbi la sponji linatimka: "Mzima kabisa!" Kuna mwaka homa ilimwangusha nyuma ya kochi alilokuwa akilivalisha kitambaa. Watu wakamtoa kwa kumvuta miguu, na huku anavutwa anawaeleza kwamba alikuwa amejipumzisha tu.

Lakini augue mwingine uone! Jirani akipiga chafya, fundi huyo mlangoni na malimau. Mkewe akigusa kiuno, ataulizwa maswali mpaka ajute kukigusa. Mtoto akichubuka goti, utadhani mguu umekatika. Yeye binafsi hata kadi ya zahanati hana. Presha hajapimwa tangu azaliwe, na ukimtajia habari ya kupimwa anakumbuka ghafla kwamba ameacha gundi wazi.

Basi likaja jino.

Mafundi wa kazi hii wana mtindo wao. Misumari midogo wanaiweka mdomoni, wanaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi, maana mkono huu una nyundo na huu umevuta kitambaa. Mzima Kabisa tangu ajifunze kazi misumari yake hukaa shavu la kulia. Siku moja mkewe, ambaye ndiye anayeshona vitambaa vya makochi kwa cherehani pale pale karakanani, akamwona ameihamishia kushoto. Akaendelea kushona. Kesho yake akamwona anaacha supu ipoe mpaka imeganda mafuta juu. Akashona tena. Karakana ilipoanza kunuka karafuu kuliko gundi, uvumilivu ukamwishia.

"Baba watoto, hilo shavu lina nini?"

"Shavu gani?"

"Hilo linalotangulia kuingia mlangoni kabla yako."

"Nimenenepa."

"Upande mmoja?"

"Ndiyo kwanza nimeanza. Wa pili unakuja."

Mke akacheka mpaka akaegemea cherehani. Mzaha wa huyu mwanamume ndio uliomfanya aolewe naye, na mzaha huohuo siku nyingine unamtia hamu ya kumtwanga mwiko. Akajifuta machozi, sura ikabadilika.

"Nacheka, lakini sikia. Mjomba wangu alianza hivihivi. Usaha ulishuka mpaka shingoni, akaponea chupuchupu. Mimi sitaki kufiwa na mume kwa sababu ya jino. Kesho asubuhi usipokwenda, namwita baba yako aje akuburute."

Hapo mzaha ukamtoka fundi wote. "Baba usimwambie! Nitakwenda. Nitakwenda, mke wangu, ila baba asijue."

Na sababu ya kuogopa hivyo ilianza zamani, fundi akiwa bado ana mapengo ya meno ya utoto.

Baba yake alikuwa dereva wa lori. Akakubali kubeba mzigo wa wizi, akijua fika kuwa ni wa wizi, akakamatwa, akafungwa miaka mingi. Hakuna aliyemsingizia. Siku za kumtembelea, mama yake alimvalisha shati safi, wakapanga foleni nje ya ukuta mrefu, na kwenye foleni hiyo ndiko mafunzo yalikotolewa.

"Baba akikuuliza u hali gani, utasemaje?"

"Mzima, mama."

"Mzima nini?"

"Mzima kabisa!"

"Hapo sawa. Baba yako humo ndani hana kazi ila kuwaza. Ukimwambia unaumwa, atakaa na neno hilo hadi tutakaporudi. Umenielewa?"

Alielewa, tena kupita kiasi. Ndani kulikuwa na nyavu mbili za chuma zilizotenganishwa na ujia, watu wanapaza sauti kama wako mnadani, na baba yake upande wa pili ameshika waya kwa vidole. Mtoto hakuweza kumpelekea baba yake kitu kingine chochote, basi akawa anampelekea uzima. Aliupeleka akiwa na mafua, akiumwa tumbo, na safari moja aliupeleka akichemka kwa homa, magoti yanagongana. "Mzima, mwanangu?" "Mzima kabisa, baba!" Baba akatabasamu. Mtoto akaona kazi imefanyika.

Baba alitoka, mama akaja kufariki baada ya miaka, mtoto akawa fundi mwenye mvi kidevuni, lakini lile neno halikutoka. Baba sasa anapanga chumba mtaa wa pili, na kila jioni hupitia karakanani na fimbo yake.

"Vipi, mwanangu?"

"Mzima kabisa, baba. Na wewe?"

"Mimi? Chuma!"

Kisha wanazungumzia mpira.

Asubuhi hiyo fundi aliondoka akapita njia ya nyuma, asije akakutana na mzee. Zahanati ilikuwa na ukumbi mrefu na mabenchi ya mbao. Foleni, mlango wa chuma, mtu anayeita majina: fundi akajiona yuko tena nje ya ule ukuta mrefu, miguu inataka kurudi ilikotoka. Akapiga moyo konde, akakaa. Pembeni yake alikuwepo mtu amejifunika gazeti uso mzima, amelikamata kwa mikono miwili. Fundi akainamisha macho. Akaona viatu. Viatu vyeusi, kimoja kina kiraka cha ngozi ya kijani, na ngozi ile aliikata yeye mwenyewe kwa mkono wake kutoka kwenye mabaki ya kochi.

"Baba?"

Gazeti likashuka polepole.

"Lo! Wewe unafanya nini hapa?"

"Nimekuja... kupima kochi lao. Wameniita."

Wote wawili wakatazama ukumbini. Mbao tupu, toka ukuta hadi ukuta.

"Na wewe, baba?"

"Nimemsindikiza rafiki."

"Yuko wapi?"

"Ameshaondoka."

"Amekuacha?"

"Alikuwa na haraka."

Mlango ukafunguliwa, muuguzi akachungulia, uso umejaa bashasha. "Mzee wetu, karibu! Mguu unaendeleaje? Bado unakufa ganzi?"

Mzee akaanza kuchunguza dari.

"Chuma," mwanawe akasema.

Ikawa basi. Mzee akaguna, akajizuia, ikashindikana, wakaangua kicheko wote wawili mpaka gazeti likaanguka chini. Lakini kicheko kinafungua taya, na taya la fundi halikuwa la kufunguliwa hovyo siku hiyo. "Yalaa!" Akashika shavu kwa mikono miwili.

Mzee akaacha kucheka papo hapo. "Tangu lini?"

"Si kitu, baba, mzima ka..."

"Nyamaza!" Benchi zima likageuka. Mzee akashusha sauti. "Unakumbuka siku ile uliyokuja na homa? Mimi nilikuona. Unatetemeka, macho mekundu, mama yako amekushika bega usianguke, na wewe unanipigia kelele kwamba mzima kabisa. Nilirudi ndani nikalala nimegeukia ukuta."

"Mama alisema tukikwambia utawaza."

"Nilikuwa nawaza vilevile! Tena nawaza bila kujua niwaze lipi. Mama yako alinionea huruma, simlaumu, mimi ndiye niliyewafikisha pale. Lakini ungeniambia unaumwa, ningekwambia meza dawa, jifunike, usichezee maji. Maneno tu. Lakini ndiyo kazi ya baba, mwanangu, na kwenye ule wavu ndiyo kazi pekee niliyokuwa bado naweza kuifanya. Nikaikosa hata hiyo."

Fundi alitaka kutania. Akatafuta mzaha, hakuupata. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa kwenye foleni.

"Baba, jino linaniuma. Linaniuma sana, na naogopa."

Mzee akasimama wima, fimbo ameisahau kwenye benchi. "Muuguzi! Muuguzi, mwanangu anaumwa!"

"Mzee, lakini hii ni zamu yako."

"Yangu ingoje. Mtoto kwanza!"

Watu wakamtafuta mtoto, wakaona ni yule mwenye mvi kidevuni, wakavunjika mbavu. Mwanamke mmoja mwenye bandeji mkononi akasogea kumpisha mtoto apite.

Kwa daktari wa meno, mzee aliingia bila kukaribishwa, akashika mkono wa mwanawe, akaanza kutoa maelezo. "Huyu, daktari, sindano anaziogopa tangu mdogo."

"Uliniona lini na sindano, baba?"

"Nakisia! Fungua mdomo, msikilize daktari."

Daktari alilazimika kuweka vifaa chini ili acheke kwanza. Jino likatoka, bovu mpaka mizizini, na daktari akasema limewahiwa. Kisha ikawa zamu ya mguu, na huko fundi naye aliingia bila kukaribishwa, pamba mdomoni, akauliza maswali yote anayomuuliza mkewe kuhusu kiuno, mengine mara mbili kwa kuwa hakueleweka. Kabla hawajaondoka, muuguzi akamfunga fundi ile mashine ya presha mkononi. Hakukumbuka gundi wala nini. Alikuwa akimtazama baba yake.

Jioni mzee akapita karakanani kama kawaida.

"Vipi, mwanangu?"

Cherehani ikanyamaza. Mke akainua kichwa, anasubiri.

Fundi akatoa pamba. "Panauma, baba."

"Safi!" Uso wa mzee ulikunjuka wote. "Usinywe cha moto. Usisukutue kwa nguvu. Na hiyo misumari itoe mdomoni, tia kwenye kikopo, unanisikia?"

"Nimesikia, baba. Na wewe je?"

Mzee akafungua mdomo, lile neno lake likaja mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza. Akajishusha kwenye kochi ambalo halijavalishwa kitambaa, akavua kiatu chenye kiraka cha kijani, akauweka mguu mapajani mwa mwanawe.

"Hapa," akasema. "Na hapa."