Kumpeleka Athmani Akaoe Majengo kwa Gari la Mbao

Paliwahi kuvuma kwetu Kibokoni kwamba gari likitiwa maji ya kisima cha msikiti wetu halichemki, hata ulipeleke Nairobi kwa gia ya kwanza. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, niliyameza maneno hayo bila kutafuna. Kila asubuhi nilichota ndoo nikalinywesha gari langu kuukuu la bodi ya mbao, refu nyuma kama kabati la nguo, nililouziwa na mkulima wa bara.

Basi rafiki yangu Athmani alipopata mchumba Majengo, nikamwambia, "Bwana harusi haendi kwa miguu nami nina gari!" Jambo moja lilitutia haraka: ami yake bibi harusi, ndiye walii wa kumwoza, alikuwa asafiri kwa gari la moshi la jioni. Akiondoka hatujafika, hakuna nikahi.

Baada ya alasiri tuliondoka. Athmani kaketi mbele kwa joho na kilemba. Watu wa zefe wanafuata nyuma, wakiimba na kupiga matwari.

Bondeni, rejeta ilitoa mvuke wa kuivisha wali wa mji mzima. Injini ikazima.

"Yakhe," Athmani akasema, "naozwa leo au napikwa?"

"Tulia. Ni mkanda tu."

Wallahi sikujua kama ni mkanda. Zefe wakalisukuma gari kwa nyimbo zilezile za harusi, ila sasa kila kiitikio kilinitukana mimi.

Mwembe Tayari tulimkuta Fundi Kassam karakanani kwake, akinywa chai. Akafunua boneti, akaguna.

"Injini inagonga ukipanda kilima?"

"Inagonga kama mgeni mwenye njaa."

"Oili umetazama?"

"Nimetazama."

"Umeiona?"

Nikainama kukagua gurudumu.

"Maji je, unatia?"

"Kila siku, tena maji mazuri kabisa!"

"Hapo umefanya vyema," akasema. Akakaza mkanda wa feni, akasugua plagi, akaongeza oili, akapiga hendeli. Gari likanguruma kama simba watatu.

Hatukufika mbali. Mwanzo wa Majengo likachemka upya, na kifuniko cha rejeta kikaruka juu hata kunguru wakakipisha. Athmani akashuka, akakunja joho, akatimua mbio. Zefe nyuma yake, matwari yakilia ovyo. Nami nikaliacha gari njiani nikawafuata. Tulimkuta ami mlangoni, mkoba mkononi.

"Ami, niwie radhi!"

"Keti upumue kwanza, mwanangu. Nikikuoza ukihema hivi, watasema tumekushika kwa nguvu."

Nikahi ikapita. Kisha tukamsindikiza ami stesheni kwa miguu, na hakuna aliyelitaja gari langu.

Siku ya pili mahamali walilisukuma gari mpaka Kibokoni, wakinung'unika njia nzima. Bi Zuhura, mamake Athmani, alikuwa barazani akisugua birika. Nikachota ndoo kisimani, nikaanza kumimina.

"Wafanyani, mwanangu?"

"Nalinywesha, mama. Maji ya kisima cha msikiti hayachemshi gari."

Akaliweka birika chini.

"Kumbe ndiyo yaliyompeleka mwanangu kwa mkewe mbio! Nani kakwambia hayo? Maji yale ni ya chumvi. Mimi hata chai siyapikii, chumvi yake inaganda ndani ya birika mpaka mdomo unaziba. Na njia za maji ndani ya gari lako zimeziba vivyo hivyo. Yamwage, ulisafishe, utie maji ya bomba."