Kikombe Kisichoonjwa

Niseme mapema, mtu asije akasoma akidhani atakutana na wema: katika habari hii wabaya ni sisi, mimi na mama yangu. Mlima mzima kule Masisi unajua hivyo, na mimi sina haja ya kuusahihisha. Anayetaka habari za watu wazuri aende kwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, anayeimba kwaya kila Jumapili na kukuuliza habari za afya kwa sauti ya pole mpaka unajihisi mgonjwa. Mimi nitaeleza upande wa wachawi.

Kwetu mtu hakupi kinywaji hivi hivi. Mwenye nyumba anamimina, anaonja mbele ya macho yako, halafu anakupa kikombe kile kile. Anakuonyesha hamna sumu. Hata mama mzazi anamwonjea mwanawe aliyerudi kutoka Goma, na hakuna anayechukia, ni adabu tu kama kuvua kofia. Mama yangu alikosea hapo, mara moja katika maisha yake yote.

Baba alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Alituacha wawili, mama na mimi binti wa pekee, na shamba la maharagwe na mihogo linaloshuka kutoka mlangoni kwetu mpaka kijito. Udongo mweusi, mzito, ukiangusha mbegu kwa bahati mbaya inaota. Mjane asiye na mtoto wa kiume, na shamba kama lile! Baba mdogo hakupata usingizi. Siku moja akaja na mzee mmoja wa ukoo, mzee wa kukohoa, miguu imevimba kama viazi, wakiwa na kamba ya kupimia. Wakapima kutoka juu mpaka chini, mama amesimama pale pale, hawakumuuliza hata neno. Walipomaliza aliwaita ndani, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa, akawamiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

Hakuonja. Wiki tatu kabla ya hapo alikuwa ameingia kikundi cha maombi na kumwahidi Mungu kwamba pombe haitagusa tena midomo yake, na alikuwa na ile bidii ya mtu mpya. Akamkabidhi mzee kikombe kwa mikono miwili, akarudi kukaa. Baba mdogo aliona. Cha kwake alikiweka chini, akasema tumbo linamsumbua. Mzee alikunywa chake, akanywa na cha mwenzake. Siku ya tisa akafa.

Mzee yule alikuwa anakufa tangu mimi niko darasa la tatu. Lakini nani atasikiliza habari ya miguu kuvimba wakati kuna kikombe kisichoonjwa? Baba mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba. "Shemeji yangu hakuonja," alisema. "Niliona na macho yangu." Akafuta jicho, mnafiki yule.

Nilimwambia mama twende kwa chefu, mkuu wa eneo letu, aeleze mambo ya maombi, jambo liishe. Akakubali, akavaa kitenge chake kizuri. Tulipofungua mlango tukamwona jirani yetu mmoja ndani ya shamba, anachuma sombe letu, majani ya mihogo, kama kawaida yake tangu baba afariki. Alipomwona mama alitupa fungu lote chini, akakimbia mpaka akapoteza kandambili moja. Mama alilitazama lile fungu. Akalitazama shamba, juu mpaka kijitoni. Kisha akarudi ndani, akavua kitenge.

"Hatuendi ku chefu," alisema. "Waache waseme."

"Mama, wanasema uko mulozi!"

"Basi njo niko mulozi. Enda uokote ile sombe, tupike."

Tangu siku hiyo hakuna mguu ulioingia shambani kwetu bila hodi. Baba mdogo hakurudi. Kamba yake aliisahau siku ile ya kupima, na mama akaifungia mbuzi.

Nilidhani tutaishi kwa aibu. Kumbe mama alikuwa na kipaji! Nyuma ya nyumba kulikuwa na chukudu ya baba, ile baiskeli ya mbao ambayo watu wetu wanashukia milima na magunia. Magurudumu yalikuwa yameoza zamani. Siku moja kisimani mama mmoja mwenye mdomo alimuuliza kwa nini anatunza chukudu isiyo na magurudumu. Mama akaendelea kujaza bidoni yake, dumu la maji, taratibu.

"Magurudumu ya nini?" alisema. "Ile haigusi chini."

Wenzake wakasahau bidoni zao. Maji yakamwagika. Kuanzia hapo akawa anawaongezea kidogo kidogo. Kwamba jana alikwenda Hombo, mbali kule, na kurudi, maharagwe hayajaiva bado kwenye moto. Kwamba wachawi wana mikutano yao, na mikutano yenyewe inachosha, kwa sababu katibu anasoma barua zote mpaka mwisho na wale wa Walikale wanafika wakichelewa kila mara, wakisingizia barabara. "Munaruka juu, halafu munasema barabara?" mama anadai aliwauliza. Kwamba wanaleta nyama ya kukaushwa ambayo mtu mwenye akili haulizi ni ya nini. Na uchawi wenyewe, alilalamika, hauna hata likizo. Mama mwenye mdomo akamuuliza kwa sauti ndogo, kwa heshima kabisa, kama huko Hombo hakumwona binamu yake. Mama akajibu kwamba alimwona, amenenepa.

Tulikuwa tukirudi nyumbani tunaanguka kwa kicheko. Tulivuna vizuri, hakuna aliyetuibia hata ganda la haragwe. Watoto wa majirani waliponiona walibadili njia, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuwakodolea macho makusudi. Ukiishi na watu wanaokuogopa unaona jinsi walivyo wajinga, na ukishaona huwezi tena kuwapenda. Wale wale waliokuwa wakimng'olea mama mihogo mchana kweupe sasa walimwamkia kwa kupiga magoti. Nawachukia mpaka leo. Sitaki mtu aniambie habari za kusamehe.

Ila uchawi una gharama. Nilipopata umri alikuja mwanamume mmoja kutoka upande wa Walikale, mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mtu wa kucheka, na nilimpenda. Alikuja kwetu mara ya kwanza, akaketi vizuri. Mara ya pili alikuja na chupa yake ya maji, akawa anaificha chini ya kiti. Mara ya tatu hakuja. Siku hiyo nilimwambia mama kwamba angeonja kikombe kimoja tu, kimoja, mbele ya watu, ningekuwa mke wa mtu. Alichukua jembe akashuka shambani, nami nikamchukia yeye pia, kwa msimu mzima wa maharagwe.

Akazeeka. Mwaka ule wa mvua nyingi kifua kilimshika, akawa anavuta pumzi kama anapandisha mlima huku amelala. Muuguzi wa kituo cha afya alisema hana la kufanya, tumshushe hospitali, Kirotshe, kule chini ziwani. Pikipiki hazikuweza kupanda, barabara ilikuwa tope tupu. Ilibaki kipoyi.

Kipoyi ni kitanda cha miti, na mlima mzima una kikundi chake. Mgonjwa akizidiwa filimbi inapigwa, wanaume wanakuja, wanabeba wakipokezana. Hakuna anayeruhusiwa kukataa, hata mgonjwa akiwa adui yake, maana kesho ni zamu yake yeye. Walikuja wanane. Mkubwa wa kikundi alikuwa, nani mwingine, baba mdogo. Wakambeba mama huku wamegeuza nyuso pembeni, wanatembea mbio kama watu walioshika sufuria ya moto. Kama mama asingekuwa anakufa ningecheka. Yeye mwenyewe alicheka kidogo, akakohoa.

Mimi nilifuata na bidoni ya kasiksi, kwa sababu nyumba ya mgonjwa lazima iwape wabebaji nguvu njiani. Nusu ya njia, penye mikaratusi, wakatua. Nikamimina, nikaonja mimi, nikampa wa kwanza. Akarudisha mkono nyuma.

"Uyu ni mutoto yake," baba mdogo aliwaambia. "Atakuwa na dawa ya kujikinga. Mugonjwa aonje."

"Hawezi hata kumeza maji!" nilipiga kelele.

"Kidogo tu. Alowanishe mudomo." Akachuchumaa karibu na kipoyi, kwa sauti ile ya pole, ya kwaya. "Shemeji, onja mbele ya hawa watu. Leo ile maneno yote inaisha. Mimi mwenyewe nitawaambia nilikosea. Utakuwa mama wa kawaida, kama wengine. Ukikataa, hawa wanaume wataogopa, watarudi. Mimi nitafanya nini?"

Wanaume wote waliitikia kwa kichwa. Nadhani wengine walikuwa na huruma kweli. Nikapiga magoti kwenye tope, nikaweka kikombe mdomoni mwake. Mama alikaza meno.

"Mama, onja. Mungu anaona. Hatahesabu hiyo kuwa ni pombe."

Akanivuta kwa kitambaa cha kichwa mpaka sikio langu likafika kwake. Mkono wake ulikuwa moto.

"Mungu haiko mu hii maneno," alisema. "Nikionja, miye niko mujane tu. Wewe uko mutoto wa mujane. Kabla nirudi kutoka hospitali, kamba yake itakuwa mu shamba."

"Acha shamba liende! Mimi nakutaka wewe!"

"Miye naenda, hata nikionja. Wewe utakula nini?"

Kisha akageuza kichwa, akamtazama baba mdogo, na kwa sauti aliyoitoa sijui wapi akasema, wote wakasikia: "Sionji. Na ule atakaye kunitua hapa, namujua jina."

Alikuwa anajaribu kuwatisha wambebe. Nilijua. Ilifanya kazi miaka yote ile, kisimani, shambani, njiani. Siku hiyo ilifanya kazi kupita kiasi. Walimweka chini, tena kwa upole, mmoja akamfunika mguu kwa kitenge chake, wakapanda mlima wanakimbia. Baba mdogo aliondoka wa mwisho, akitikisa kichwa kama mtu aliyefanya yote aliyoweza.

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na njia ilikuwa inateleza. Nilianguka naye mara mbili. Nilimtukana njiani, kweli nilimtukana, nikamwambia ni mwanamke mkaidi, anapenda maharagwe kuliko mwanawe. Alisema, "Ee, sema," akanipiga bega kidogo. Kabla hatujaona ziwa mkono wake uliacha kunishika shingo. Niliendelea kutembea kwa muda nikijifanya sijagundua.

Muuguzi alinisaidia kumpandisha, tukamzika juu ya shamba, karibu na baba. Siku ya pili ya kilio mlima wote ulikuja. Si kwa upendo, walikuja kuhakikisha. Waliketi kwenye mabenchi uani, wanatazama kaburi lisije likafunguka, wanatazama chukudu. Baba mdogo alikuja na koti lake la kanisani. Mfuko mmoja wa koti ulikuwa umejaa, na ncha ya kamba ilikuwa inachungulia. Kamba mpya ya nailoni, ya buluu.

"Pole, mutoto wangu," alisema, akanishika mikono yote miwili. "Uko peke yako sasa. Mambo ya shamba tutaongea polepole, sisi wa nyumba."

Nilikuwa nimepanga kuonja. Nasema kweli. Usiku kucha nilikuwa nimewaza kwamba nitaonja kila kikombe mbele ya kila mtu, nilisafishe jina la mama na langu, labda hata mtu wa Walikale asikie. Nilileta bidoni ile ile ya njiani, niliyoiokota penye mikaratusi wakati wa kurudi, ilikuwa bado imejaa. Nikamimina kikombe cha kwanza, na uani wote wakatazama mdomo wangu. Nikatazama ile kamba ya buluu.

Nikashika kikombe kwa mikono miwili, nikampelekea baba mdogo, nikapiga goti kidogo kama mtoto mwenye adabu.

"Kunywa, baba mudogo. Mama aliacha hii kwa ajili yako."

Akapokea, maana huwezi kukataa kupokea kwenye kilio. Akakitazama ndani.

"Haujaonja," alisema.

"Ndiyo. Sijaonja."

Nikabaki pale pale, nimepiga goti, namtazama kama nilivyokuwa nikiwatazama watoto wa majirani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mama mwenye mdomo, yule wa kisimani, alikuwa wa kwanza kuinuka. Akasema ameacha chungu motoni. Wengine nao wakakumbuka vyungu vyao. Baba mdogo aliweka kikombe chini taratibu sana, akasema tumbo linamsumbua, akaondoka akishika mfuko wa koti kwa mkono ili kamba isianguke. Hajakanyaga shamba langu tangu siku hiyo.

Uani yalibaki mabenchi matupu na kikombe kimoja. Nikakaa chini nikakinywa mimi, chote. Hakikuwa na kitu. Ilikuwa kasiksi tamu, imeiva vizuri, mtoto mchanga angelamba. Hapo ndipo nilipolia, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, nikimwita mama. Ng'ambo ya kijito walinisikia, maana niliwaona wakiita watoto wao ndani na kufunga milango.