Chaki kwenye Shati la Kandideti

Sisi wa darasa la nane enzi zile tuliitwa kandideti, na jina hilo tulitembea nalo kijijini kama cheo. Kandideti hakutumwa kuni. Siku ya maombi, wiki moja kabla ya mtihani, tulisimama mbele ya wazazi katika mashati meupe, tukinukia sabuni ya mche na jasho la woga.

Shati langu lilikuwa moja, na maji ya kwetu Kitui yalikuwa mekundu. Mama alilifua mara tatu, akalitia bluu ya kung'arisha nguo, akalianika juu ya ua huku akilichunga mbuzi wasilile. Likatoka na rangi ya chai ya maziwa.

"Ni safi," aliniambia. "Vaa hivyo hivyo."

Mimi nikaona aibu. Nikaiba chaki darasani na kulipaka shati lote, kama tulivyopaka viatu vyetu vya raba.

Mchungaji alipofika kwangu kunibariki, alinipiga bega. Vumbi likapanda, akakohoa katikati ya sala, na alama ya vidole vitano ikabaki begani. Watu walicheka sana. Mama, kwenye benchi la wazazi, hakucheka. Hakuwahi kuuliza shati lake lilipatwa na nini, nami sikuwahi kumwomba msamaha.

Sasa napiga pasi Doha, kwenye duka la dobi mtaani Najma, kanzu nyeupe kutwa nzima. Binti yangu Mwende ni kandideti wa kidato cha nne. Ana mashati matatu na hajui kufua hata moja. Juzi nilimuuliza kwa simu neno hilo lina maana gani.

"Baba, si ungegoogle tu?"

Akanisomea hata hivyo. Waingereza walilitoa kwa Kilatini, candidatus, yaani aliyevalia nyeupe. Roma ya kale, mtu aliyetaka cheo alivaa vazi lililong'arishwa kwa chaki, akazunguka akiomba kura.

Kwa chaki. Nilizima pasi nikampigia Mama. Baada ya miaka thelathini nilikuwa na wakubwa wa Roma wa kunitetea, nikamweleza habari zao zote.

"Basi na mama zao walifua bure," akasema.

Mbele yangu kanzu zilikuwa zimepangwa, nyeupe pe, zimefuliwa na mashine. Hakuna aliyezichunga mbuzi wasizile.

"Nisamehe, Mama," nikamwambia. "Shati lilikuwa safi."