Mama Micheline Hakupata Mikro

Clémence hakuimba. Katika chorale ya kanisa lao la Lubunga, karibu na reli, kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya waumini na kusawazisha sauti kwenye ile mashine ambayo watu wote Kisangani wanaiita table. Siku jenereta ilipoiunguza, papa Benoît, kiongozi wa waimbaji, alimtuma avuke mto kwenda mjini kutafuta nyingine.

Dukani kulikuwa na mbili ambazo mfuko wa chorale ungeziweza. Moja ilikuwa kuukuu, pana kama mlango, yenye matundu ya kutosha kuchomeka mikro, vipaza sauti vya waimbaji wote. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, ya dijitali. Matundu yake yalikuwa nusu tu, lakini ilirekodi kila mikro peke yake, na nyuma ilikuwa na mahali pa kuunganisha kisanduku cha kuongeza matundu mengine. Clémence alichukua ndogo. Alivuka nayo kwenye pirogi akiwa ameipakata.

“Na wale wengine?” papa Benoît aliuliza.

“Papa, tuanze na hii. Mwaka kesho tunaongeza kisanduku, kila mutu atakuwa na mikro yake.”

Basi ikabidi kuchagua. Ngoma na gitaa zikapata, Adèle, mwimbaji wa mstari wa mbele, na wenzake wakapata. Wamama wa mstari wa nyuma wakabaki bila. Mama Micheline, aliyeimba hapo tangu kabla Clémence hajazaliwa, alimwendea baada ya ibada.

“Mwanangu, mimi sijisikii tena nikiimba.”

“Vumilia kidogo, mama. Kisanduku iko njiani.”

Hakikuwa njiani. Kila walipokusanya kitu, kikaliwa na mafuta ya jenereta, au safari ya kuimba Bengamisa, au mabati ya paa. Mama Micheline aliuliza tena, kisha akaacha. Aliendelea kuja amevaa pagne yake ya chorale, akiimba kwa nguvu zote. Mvua zilipoanza akaugua kifua, akafa.

Jean-Marie, mwanawe, alikuja kwa Clémence kabla ya maziko.

“Dada, wanasema mashine yako inatunza kila sauti peke yake. Nitolee ya mama tu, hata wimbo moja. Tuipige kwenye matanga.”

Clémence akafungua kompyuta. Zilikuwepo ngoma peke yake, gitaa peke yake, Adèle peke yake. Pale Adèle aliponyamaza kuvuta pumzi, mikro yake ilikuwa imenasa sauti za mbali, zimechanganyika.

“Pengine yuko humo,” alisema.

Jean-Marie alirudia kusikiliza, amefumba macho. Kisha akavua spika za masikioni.

“Hapana. Huyu si mama. Bon, aksanti.”

Alitoka bila kuaga.

Kisanduku kilifika mwaka uliofuata kwa boti kutoka Kinshasa. Kebo moja tu, na table ikakitambua papo hapo. Papa Benoît akapanga mikro mbele ya mstari wa nyuma. Wamama wawili walikuwa wameshaacha kuja. Waliobaki waliimba kwa woga, kama watu walioitwa mahali wasipojulikana.

“Sasa tuko kamili,” papa Benoît alisema.

Clémence alirudi kwenye table yake. Tangu hapo ameomba apumzishwe kazi hiyo, lakini mtu wa kushika nafasi yake hajapatikana. Jumapili anapandisha sauti za nyuma kupita zote, papa Benoît anamwonyesha kwa mkono kwamba zimezidi, naye anazishusha.