Siku Tuliyompata Mama Muthoni

Harufu ya sabuni ya kipande kwenye kola ya yunifomu hunirudisha Ruiru hadi leo. Nikifikicha ya binti yangu hapa Thika, namwona mwanamke aliyefua yangu, amechuchumaa kando ya karai, povu hadi kwenye viwiko.

Nyumbani tulimwita msichana. Alikuwa amempita mama yangu kwa miaka mitatu na mvi zilishaanza kuchungulia, lakini ndivyo ploti yetu nzima ya nyumba za kupanga ilivyowaita waliofanya kazi za nyumba. Mama zetu walikuwa Mama Kimani, Mama Ciku, kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Yeye alikuwa msichana wa Mama Shiru, na Shiru ndiye mimi.

Siku moja, akisugua soksi zangu, aliniambia kwamba Muthoni wake, aliyelelewa na nyanyake kule Murera, angeanza darasa la kwanza Jumatatu. Alikuwa ameomba ruhusa ampeleke. Mama alimjibu, "Sasa msichana akienda, hawa watoto watavalishwa na nani?"

Nilikasirika kweli. Nilikuwa na miaka minane na kichwa kigumu, na mwanamke mwenye mtoto nilijua anavyoitwa.

Jumamosi, kina mama wa chama cha kuweka akiba walipojaa sebuleni kwetu, nikapaza sauti: "Mama Muthoni, wageni wamefika!"

"Mama Muthoni ni nani?" akauliza Mama Kimani.

"Ni huyu," nikasema, nikimwonyesha pale mlangoni na birika lake.

"Haiya! Kumbe uko na mtoto? Ako na miaka ngapi?"

"Sita. Anaanza shule Monday."

"Na nani anampeleka?"

Mama Muthoni alimtazama mama yangu, na wale wengine wote wakamtazama pia. Mama akakoroga kikombe ambacho hakikuwa na chai.

"Si ni yeye," akasema hatimaye. "Mama Muthoni, utaenda kesho jioni, umpeleke."

Jumatatu nilijivalisha mwenyewe. Nilifika shuleni na soksi zisizofanana, na furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni.

Habari ilisafiri kwenye kamba za kuanikia nguo. Kufikia Pasaka wasichana wengine wa ploti walikuwa wamegeuka Mama Njoki na Mama Baraka, na kila mmoja alikuwa na Jumapili yake ya kwenda kwao. Baba zetu walijifunza kupika ugali, nasi tukajifunza kuula ukiwa mbichi.

Kwa miaka mingi nilidhani nilikuwa nimemshinda mama. Nimekuja kuelewa kwamba hakuwa na roho mbaya. Kichwani mwake kulikuwa na msichana, na msichana hana mtoto wa kupeleka shule. Mama Muthoni alipoingia mle kichwani, ruhusa ilipatikana kabla chai haijamiminwa.

Muulize mama leo. Atakuapia kwamba nyumbani kwake hapajawahi kuwa na msichana, kwamba yule alikuwa Mama Muthoni tangu siku ya kwanza.