Wadudu wa Bi Hindu

Kwa miaka thelathini Bi Hindu wa Chundwa amewachachishia wagonjwa wa sukari mizizi mtungini. Jina lake lilikuwa safi hadi Murithi, mtafiti kutoka bara, alipoipima dawa hiyo akarudi na majibu.

"Bi, dawa yako ina wadudu!" alitangaza kwa furaha. Wagonjwa wawili barazani wakatua vikombe.

"Mtungi wangu ni safi kuliko kinywa chako!"

"Wadudu wazuri, Bi. Huenda ndio wanaoshusha sukari."

"Wazuri wapeleke kwenu. Ndia ni hiyo!" akamwonyesha mlango.

Wagonjwa walikwisha kuvaa viatu. Bi Hindu akaimimina dawa yote sufuriani, akaichemsha mbele yao mpaka ikatokota.

"Bi, umewaua wote!" Murithi akapiga kelele.

"Mumemsikia wenyewe," akawaambia wagonjwa, akawajazia vikombe.